Santana: orkestra ya watu waliotoka mbali, na ngoma iliyotoka Kongo



Kila asubuhi mbele ya taarifa ya habari, redio yetu inapiga kipande kifupi cha gitaa kisicho na maneno, na nyuma yake kuna ngoma. Wiki mbili zilizopita nilikwenda kwenye kambi moja ya wakimbizi wa ndani hapa Bunia, kuulizia habari ya maji. Nilipomaliza kazi, kijana mmoja alinifuata hadi kwenye pikipiki. Mkononi alishika gitaa alilojitengenezea mwenyewe kwa kidumu cha mafuta ya kula, ubao, na waya za breki za kinga.

"Kaka, ile gitaa ya asubuhi ni ya nani?"

Nikamwambia ni ya orkestra ya Marekani inayoitwa Santana. Mzee mmoja aliyekaa kando kwenye jiwe akatikisa kichwa. "Marekani? Hapana, mwanangu. Ngoma ile ni ya kwetu."

Kijana akauliza la pili, na hilo ndilo lilinishinda. Mama yake anamwambia aache kelele za kidumu, aende kubeba matofali kama wenzake. Yeye alitaka kujua kama mtu anaweza kutoka kwao na gitaa tu na akafika mahali. Dereva alikuwa amekwisha kuwasha pikipiki. Nilimwahidi kijana kwamba nitamletea jibu, na yule mzee pia, kwa sababu maneno yake yana ukweli ndani. Jibu lenyewe ni hili.

Mtoto wa mpiga fidla

Carlos Santana alizaliwa tarehe 20 Julai 1947 katika Autlán de Navarro, mji mdogo wa jimbo la Jalisco, nchini Meksiko. Baba yake, José, alikuwa mpiga fidla, ile wengine tunaiita violoni, katika muziki wa mariachi unaopigwa kwenye harusi na sikukuu za kule. Nyumba ilikuwa na watoto wengi na kazi ilikuwa haba. Baba akaenda kutafuta maisha Tijuana, mji ulio mpakani kabisa na Marekani, ambapo watalii walivuka kuja kunywa na kucheza. Baadaye mama yake, Josefina, akakusanya watoto akamfuata.

Niseme wazi mapema: familia hii haikukimbia risasi. Ilisukumwa na njaa ya kazi. Sitaki mtu wa kambi asome hapa afikiri kwamba ninaweka mateso yake kwenye mizani moja na safari yao. Lakini yapo mambo ambayo kila mtu aliyehama anayajua: kukaa chumba kidogo watu wengi, kuanza shule katikati, kusikia lugha inayozungumzwa juu ya kichwa chako usielewe kitu.

Baba alimfundisha mtoto fidla. Mtoto alijifunza kwa utii, lakini moyo haukuwa pale. Siku moja katika bustani ya mji, Tijuana, alimsikia kijana aitwaye Javier Bátiz akipiga gitaa la umeme kwa mtindo wa bluzi, ule muziki wa Waamerika weusi. Kuanzia hapo fidla ilipata mpinzani. Kabla ya kuwa mtu mzima, Carlos alikuwa tayari anapiga gitaa usiku katika mabaa ya barabara ya Avenida Revolución, mbele ya walevi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 familia ilivuka mpaka, ikahamia San Francisco. Carlos aliingia shule ya Mission High, akahangaika na Kiingereza, na baada ya masomo aliosha sahani katika mgahawa. Kazi hiyo ya sahani aliifanya miaka kadhaa. Mchana ilikuwa sabuni na maji moto, jioni ilikuwa gitaa.

Mtu aliyeshika funguo

Katika San Francisco kulikuwa na ukumbi wa konseri unaoitwa Fillmore, na mwenye kuuendesha aliitwa Bill Graham. Huyu ni lazima nimsimulie, kwa maana bila yeye labda leo tusingekuwa tunaongea juu ya Santana.

Graham alizaliwa Berlin, Ujerumani, mwaka 1931, katika familia ya Kiyahudi. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Wulf Wolodia Grajonca. Wakati utawala wa Hitler ulipowawinda Wayahudi, mama yake alimpeleka katika nyumba ya watoto, na kutoka pale watoto wakasafirishwa kwenda Ufaransa. Vita vikawafuata na huko. Watoto wale wakakimbia tena, sehemu nyingine kwa miguu, wakivuka nchi hadi kufika baharini. Dada yake aliyekuwa naye alifia njiani. Mwaka 1941 mtoto huyo alifika New York, akiwa na miaka kumi, bila mzazi. Akapokelewa na familia isiyo yake. Mama yake aliuawa katika mauaji ya Wayahudi. Alipokua, alitafuta jina jepesi katika kitabu cha namba za simu, akachukua Graham.

Mtu huyo, alipokuwa kijana New York, alipenda sana kucheza mambo na miziki mingine ya Kuba. Halafu akaenda San Francisco, akashika ukumbi wa Fillmore. Siku moja ya mwaka 1966, mwanamuziki aliyetazamiwa hakuweza kupiga, na wengine wakawa wanapanda jukwaani kujaribu. Rafiki wa Carlos akamwomba Graham amruhusu kijana huyu wa Kimeksiko naye apige. Graham hakukataa. Carlos akapewa gitaa la kuazima, na watu wakauliza ni nani huyu.

Kuanzia siku ile Graham aliwaita mara nyingi kupiga Fillmore, hata kabla hawajawa na disiki hata moja. Na hakuwapa sifa tupu. Aliwaambia kwamba kupiga ala kwa muda mrefu hakutoshi, wanahitaji nyimbo ambazo watu watazishika. Yeye ndiye aliyewasikilizisha "Evil Ways", wimbo uliokuwa umepigwa na Willie Bobo, na huo ukawa wimbo wao wa kwanza kuingia katika kumi bora za Marekani.

Ndiyo maana nasema: mtu aliyekimbia akiwa mtoto ndiye aliyemshika mkono mtoto wa wahamiaji.

Chungu kimoja

Orkestra ilianza mwaka 1966 kwa jina la Santana Blues Band, baadaye likabaki Santana tu. Ilichukua jina la Carlos, lakini mwanzoni haikuwa ya mtu mmoja. Kwenye kinanda na sauti alikuwapo Gregg Rolie, Mmarekani mweupe. Gitaa la besi lilikuwa la David Brown, Mmarekani mweusi. Ngoma za mkono zilipigwa na Michael Carabello, mwenye asili ya Puerto Rico, na José Areas, waliyemwita Chepito, aliyezaliwa León, nchini Nikaragua. Ngoma kubwa za vijiti zilikuwa za Michael Shrieve, ambaye alikuwa na miaka 20 tu walipopata jina.

Mwaka huo wa 1969, orkestra nyingi za roki zilikuwa na gitaa mbili, besi na ngoma za vijiti. Hawa wakaweka ngoma za mkono mbele kabisa, gitaa likaimba juu yake kama mtu anayeita. Kila mmoja alileta alichotoka nacho kwao, wakatia katika chungu kimoja.

Tarehe 16 Agosti 1969, siku ya Jumamosi, walipanda jukwaa la Woodstock, katika shamba la ng'ombe kwenye jimbo la New York. Watu walikadiriwa kuwa 400,000. Graham ndiye aliyewabana waandaaji mpaka wakaikubali orkestra hii ambayo albamu yake ya kwanza ilikuwa bado haijatoka. Carlos mwenyewe amesimulia mara nyingi kwamba siku ile alikuwa amemeza dawa ya kulevya, na shingo ya gitaa ikawa inamgeukia kama nyoka mikononi. Akawa anamwomba Mungu amshikie tu mdundo na sauti. Nalitaja kwa sababu ni kweli. Asitokee kijana akafikiri dawa ndiyo ilimpa kipaji. Kipaji kilitoka katika miaka ya mabaa na ya kuosha sahani. Dawa ilikaribia kumharibia siku kubwa kuliko zote.

Lakini hawakuharibikiwa. Wimbo wao wa "Soul Sacrifice" uliwekwa katika sinema ya Woodstock iliyotoka mwaka 1970, na dunia nzima ikawaona. Albamu ya kwanza ilifika nafasi ya nne Marekani. Ya pili, "Abraxas", ya mwaka 1970, ilifika nafasi ya kwanza. Ya tatu, mwaka 1971, nayo nafasi ya kwanza.

Mzee alikuwa na haki

Sasa nirudi kwa mzee wa kwenye jiwe.

Ngoma ndefu ya mkono inayosikika katika nyimbo za Santana inaitwa konga. Jina hilo halikuanguka kutoka mbinguni. Kwa karne nyingi, watu waliokamatwa katika nchi za Bakongo, kule magharibi karibu na mdomo wa mto, walivushwa bahari wakiwa watumwa, na wengi wakafikishwa Kuba kufanya kazi katika mashamba ya miwa. Waliondoka mikono mitupu. Hawakuwa na mfuko, wala chungu, wala ngoma. Lakini mikono ilikuwa inakumbuka, na wakachonga upya ngoma kwa miti waliyoikuta kule. Konga imetoka katika ukoo huo wa ngoma. Hata leo, kati ya Wakuba wenye asili ya Kongo, utasikia neno "ngoma" likitumika kwa maana ileile tunayoijua hapa.

Kutoka Kuba midundo ile ilipanda hadi New York. Tito Puente, mtoto wa wazazi waliotoka Puerto Rico, alitunga "Oye Como Va", na Santana wakaifanya ya roki katika "Abraxas". Katika albamu ya kwanza walikuwa wamepiga pia "Jingo", wimbo wa Babatunde Olatunji, mpiga ngoma kutoka Nijeria aliyekwenda Marekani kusoma mwaka 1950.

Na midundo hiyo ilirudi kwetu kwa njia nyingine. Kuanzia miaka ya 1930, disiki za muziki wa Kuba ziliingia Léopoldville, ambayo leo ni Kinshasa. Wazee wetu wakazisikia, wakatambua kitu chao ndani yake, wakakipiga kwa magitaa na kukiimba kwa Lingala. Hiyo ndiyo rumba yetu, ambayo Desemba 2021 UNESCO iliiandika katika urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Kwa hiyo rumba ya Kongo na roki ya Santana ni kama watoto wa ndugu waliolelewa nyumba mbili. Mzee hakusoma haya popote. Aliyasikia kwa sikio lake tu.

Tarehe 6 Machi 1971, siku Ghana ilipokuwa inatimiza miaka 14 ya uhuru, Santana walipiga katika konseri kubwa ya Accra, pamoja na Wilson Pickett, Ike na Tina Turner, na wengine. Ngoma ile ilikuwa imekanyaga tena udongo wa Afrika.

Nyumba ilipobomoka

Ningetaka kuwaambia kwamba baada ya hapo mambo yalikwenda vizuri. Hayakwenda. Pesa nyingi iliingia haraka mikononi mwa vijana, dawa za kulevya zikaingia pamoja nayo, na kila mmoja akaanza kujiona ndiye nguzo. Katika mwaka 1971 na 1972 orkestra ya kwanza ilivunjika. Gregg Rolie, pamoja na Neal Schon, mpiga gitaa aliyeingia akiwa na miaka 17 tu, wakaondoka na kuanzisha orkestra nyingine, Journey, ambayo nayo ikawa kubwa.

Hakuna adui aliyewavunja kutoka nje. Walivunjwa na wao wenyewe. Sisi wa nchi hii tunaelewa maana yake.

Carlos akabaki na jina, akakusanya watu wengine, akaingia katika muziki wa jazi. Mkubwa wa kampani ya disiki alimwonya kwamba njia hiyo itaua kazi yake. Hakumsikiliza. Watu wengine walimfuata, wengine wakamwacha. Miaka ya 1970 na 1980 orkestra iliendelea kuzunguka dunia, wapiga ala wakiingia na kutoka, lakini disiki zilizidi kuuzwa kidogo. Mwezi wa kumi 1991 Bill Graham alikufa katika ajali ya helikopta. Miaka ya 1990 ikapita karibu yote bila albamu iliyotikisa watu. Wengi walisema Santana ni ya wazee, ni ya kukumbuka.

Mwaka 1998 orkestra iliingizwa katika jumba la heshima la wanamuziki wa roki wa Marekani. Kwa wengi, kupewa heshima ya namna hiyo ni kama kuambiwa asante, sasa kaa chini.

Miaka hamsini na mbili

Carlos hakukaa chini. Alirudi kwa Clive Davis, yuleyule mkubwa wa kampani aliyemwonya miaka ya 1970, ambaye sasa alikuwa na kampani nyingine. Wakakubaliana jambo moja: Santana wapige pamoja na vijana. Wakaja Rob Thomas, Lauryn Hill, Wyclef Jean aliyezaliwa Haiti, Dave Matthews aliyezaliwa Afrika Kusini, orkestra ya Maná kutoka Meksiko. Gitaa lilibaki lilelile, na konga ileile. Sauti za kuimba ndizo zilikuwa mpya.

Albamu hiyo, "Supernatural", ilitoka Juni 1999. Wimbo "Smooth" ulikaa nafasi ya kwanza Marekani kwa wiki 12, na "Maria Maria" kwa wiki 10. Nakala milioni 15 zilithibitishwa Marekani peke yake. Februari 2000, katika tuzo za Grammy, Carlos Santana alichukua tuzo nane usiku mmoja, sawa na rekodi ya Michael Jackson ya mwaka 1984. Alikuwa na miaka 52.

Baada ya hapo hawakulala. Mwaka 2016 wale wa zamani waliogombana, akina Rolie, Schon, Carabello na Shrieve, walitoa tena albamu pamoja na Carlos, ile ya "Santana IV". Ilichukua zaidi ya miaka 40, lakini walikaa tena chumba kimoja. Na mwaka 2019, miaka 50 baada ya Woodstock, wakatoa "Africa Speaks", pamoja na Buika, mwimbaji wa Hispania ambaye wazazi wake walitoka Guinea ya Ikweta.

Jibu langu

Nimejiuliza ni kitu gani kiliwafanya wadumu, wakati orkestra nyingi za mwaka 1969 zimebaki majina tu. Ninaona mambo matatu.

La kwanza, hawakuona haya na kile walichotoka nacho. Wangeweza kuficha ngoma ili wafanane na wengine. Waliiweka mbele. La pili, waliruhusu wageni waingie, hata vijana wa umri wa watoto wao, bila kuacha sauti yao. La tatu, mtu mwenye funguo aliwafungulia, tena mtu ambaye alijua maana ya kufika mahali bila mzazi na bila jina.

Kijana wangu wa kambi, jibu ni ndiyo, mtu anaweza. Lakini usidanganyike na neno "gitaa tu". Huyu hakufika kwa gitaa tu. Aliosha sahani miaka mingi, alikwenda shule, alipata wenzake wa kupiga nao, na alipata mlango. Kwa hiyo mama yako ana haki, na wewe una haki. Beba matofali mchana, hakuna aibu hapo. Jioni usiweke kidumu chini. Na mtafute yule mzee akuonyeshe midundo ya kwenu kabla haijaondoka naye.

Kwa sisi wa mjini, wenye studio, wenye shule, wenye makanisa yenye vinanda na spika, swali ni lingine. Katika kambi hizi kuna watoto wanaokumbuka kitu kwa mikono yao. Nani kati yetu atafanya kama Graham, na kumwachia mtu asiyemjua dakika chache jukwaani?

Nimeanza na mlango ulio karibu nami. Nilimwomba mkubwa wetu wa programu, naye amekubali: Jumamosi ijayo, saa nane mchana, tutawapokea studio vijana wa kambi wanaopiga au kuimba, robo saa. Yule wa kidumu nimemtumia neno, na nimemwomba aje na mzee. Wewe uliye na betri ndani ya redio, mwite na jirani yako, msikilize pamoja.